Manjano yanaua seli za saratani maabara. Je, mama ameze kapsuli?

"Shikamoo daktari. Mama yangu ana miaka 54, amefanyiwa upasuaji wa titi na sasa yuko kwenye dripu za kemo. Amemaliza nne za ile dawa nyekundu, na wiki ijayo anaanza paclitaxel ya kila wiki. Tumeambiwa uvimbe wake unapokea homoni, hivyo baadaye atameza tamoxifen. Kaka yangu aliyeko Uingereza ametuma makopo mawili: moja la kapsuli za manjano zenye pilipili manga, jingine la chai ya kijani iliyokolezwa. Anasema utafiti umethibitisha kuwa manjano huua seli za saratani bila kugusa seli nzima, na ametutumia makala yenye picha za seli zikifa. Mama ameshaanza kumeza, leo siku ya tano, na anauliza kama anaweza kuacha dripu kwa sababu zinamchosha. Hospitali hatujawaambia. Je, utafiti huo ni wa kweli? Tufanye nini?"

Marahaba, na poleni kwa kuuguza. Nitangulize la kufanya leo, maelezo yafuate. Mama aache kapsuli zote mbili. Dripu asiache. Na kabla ya paclitaxel ya kwanza, wahudumu wa kliniki wayaone makopo hayo kwa macho yao. Manjano ya kwenye mchuzi na kikombe cha chai si tatizo, nitayafikia.

Utafiti ni wa kweli. Kuna maelfu ya makala zinazoonyesha kurkumini, ile kemikali inayoyapa manjano rangi yake, ikiua seli za saratani maabara. Vivyo hivyo EGCG ya chai ya kijani, resveratroli ya ganda la zabibu nyekundu, kwesetini ya vitunguu na majani ya mlonge, na genisteini ya soya. Zote ni polifenoli, kundi kubwa la kemikali ambazo mimea hujitengenezea, nyingi kwa ajili ya kujikinga na jua, wadudu na ukungu. Kaka yako hajadanganywa kuhusu kilichoonekana kwenye sahani ya maabara. Ameruka tu hatua zote zilizopo kati ya sahani na mwili wa mama.

Hebu tuitazame hiyo sahani. Kwa saratani ya titi, seli zinazotumika sana huitwa MCF-7. Zilichukuliwa kwa mgonjwa mmoja Marekani mwaka 1970, na tangu hapo zinazaliana kwenye chupa za maabara dunia nzima. Mtafiti huzipanda kwenye kisahani cha plastiki chenye vishimo 96, kila kishimo seli 5,000 hadi 10,000 ndani ya mikrolita 100 za maji ya lishe. Kisahani hulala kwenye kabati la joto la nyuzi 37 lenye hewa ya ukaa asilimia 5 ili seli zishike chini. Kesho yake huongeza kurkumini. Kwa kuwa haiyeyuki kwenye maji, huiyeyusha kwanza kwenye DMSO, kimiminika cha kuyeyushia, halafu huweka viwango vya kupanda, tuseme mikromola (kipimo cha wingi wa molekuli kwa lita) 1, 5, 10, 20 na 50. Vishimo vingine hupata DMSO tupu, vya kulinganishia. Baada ya saa 48 au 72 hutia MTT, rangi ya njano ambayo seli hai huigeuza kuwa zambarau. Zambarau ikififia, seli hai zimepungua. Kiwango cha dawa kinachopunguza nusu ndicho kinachoandikwa IC50 kwenye makala ya kaka yako.

Angalia kilichokosekana humo: hakuna tumbo, hakuna utumbo, hakuna ini, hakuna figo. Dawa imemwagiwa seli moja kwa moja na kukaa nazo siku tatu. Kwa kipimo hicho hicho jiki inaua seli za saratani, na siki pia, ilmradi uweke ya kutosha. Kwa hiyo swali la kwanza la kuiuliza makala yoyote ya namna hii ni kiasi gani kilihitajika, na kama kiasi hicho kinaweza kufika kwenye damu ya mtu.

Tupige hesabu. Chukua mikromola 20, kiwango cha kawaida kabisa katika majaribio ya kurkumini. Uzito wa molekuli yake ni 368, kwa hiyo mikromola 20 ni kama miligramu 7.4 kwa kila lita. Sasa njoo kwa binadamu. Jaribio la Marekani lililochapishwa mwaka 2008 liliwapa wagonjwa wa saratani ya kongosho gramu 8 za kurkumini kila siku. Damu yao ilionyesha nanogramu 22 hadi 41 kwa mililita, yaani mikromola 0.06 hadi 0.11. Hiyo ni pungufu kwa kati ya mara 180 na 330 kuliko mikromola 20 za kwenye sahani. Kati ya wagonjwa 21 waliopimika, wawili tu walionyesha dalili ya kuitikia, na mmoja wao kwa muda mfupi.

Na gramu 8 ni nyingi mno. Unga wa manjano una kurkumini kama asilimia 3 tu. Kijiko cha chai chenye gramu 3 za unga kinabeba miligramu 90 hivi, kwa hiyo ili kufikisha gramu 8 mama angelazimika kula karibu vijiko 90 kwa siku. Chai ya kijani nayo iko hivyo hivyo: kwenye sahani EGCG hutumika kwa mikromola 50 au 100, wakati mtu aliyekunywa vikombe vyake damu yake kwa kawaida haivuki mikromola 1.

Zinapotelea wapi? Polifenoli nyingi hazinyonywi vizuri. Zinazonyonywa hukutana na vimeng'enya vya ukuta wa utumbo na vya ini, ambavyo huzibandika salfeti au asidi ya glukuroni, na figo au nyongo huzitoa. Resveratroli inaonyesha jambo hili vizuri. Mwaka 2004 watu walipewa miligramu 25 kwa mdomo. Karibu asilimia 70 ilinyonywa, lakini iliyobaki kwenye damu katika umbo lake la asili ilikuwa chini ya nanogramu 5 kwa mililita. Nyingine yote ilikuwa imeshageuzwa. Makala nyingi hujaribu lile umbo la asili kwenye seli, wakati uvimbe ndani ya mwili hukutana zaidi na lile lililogeuzwa, na hivyo ni vitu viwili tofauti.

Kuna jambo jingine ambalo nje ya maabara halisemwi. Polifenoli zina tabia ya kuvuruga vipimo vyenyewe. EGCG ikiwekwa kwenye maji ya lishe, kwenye hewa yenye oksijeni nyingi kuliko iliyomo mwilini, huanza kuoza ndani ya saa chache na kuzalisha haidrojeni peroksaidi, dawa ile ile ya kusafishia vidonda. Watafiti walipoongeza katalesi, kimeng'enya kinachovunja peroksaidi, sehemu kubwa ya "nguvu" ya EGCG dhidi ya seli ilitoweka. Kilichokuwa kinaua ni peroksaidi iliyozaliwa kwenye kisahani. Kosa huenda upande wa pili pia: baadhi ya polifenoli huigeuza MTT kuwa zambarau zenyewe, bila seli, na mtafiti akasoma uhai usiokuwepo. Makala nzuri huwa na vishimo vya dawa bila seli kwa sababu hiyo, na huthibitisha matokeo kwa kipimo cha pili kisichotegemea rangi. Ukiona makala ina MTT peke yake, punguza imani. Mwaka 2017 wanakemia wa Marekani walipitia tafiti za kurkumini na kuandika wazi kwamba haikubaliki kirahisi kama dawa: haitulii, huvuruga vipimo vingi, na hakuna jaribio lake la kitabibu la upofu maradufu (mgonjwa wala daktari hajui nani kapewa nini) lenye kidonge cha kulinganishia ambalo lilikuwa limefanikiwa hadi wakati huo.

Kuhusu "bila kugusa seli nzima": mara nyingi maana yake ni aina moja ya seli zisizo za saratani, zinazokua polepole, zilizopimwa kando. Seli inayogawanyika polepole hustahimili sumu nyingi. Ukipandisha kiwango, nazo hufa.

Lakini nisikuache ukidhani kazi hii ni ya bure. Etoposide, dawa ya kemo inayotumika hospitalini hadi leo, ilitengenezwa kutoka podofilotoksini, kemikali ya mmea iliyo jamaa ya polifenoli, na ilipata kibali Marekani mwaka 1983. Hiyo paclitaxel anayoanza mama ilitoka kwenye gome la mti wa Marekani; si polifenoli, ila njia ni moja. Gome lilikusanywa mwaka 1962, umbo la kemikali likajulikana mwaka 1971, kibali kikaja mwaka 1992. Miaka 30, na mwisho wake ni dawa inayopita kwenye mshipa kwa kipimo kilichokokotolewa kwa ukubwa wa mwili wa mgonjwa. Hakuna aliyeambiwa achemshe gome anywe.

Mahali ambapo kurkumini ina hoja ya haki ni utumbo mpana, kwa sababu pale inafika bila kupitia damu. Mwaka 2011 gramu 4 kwa siku kwa siku 30 zilipunguza vijidoa vya awali vya ukuta wa utumbo kwa asilimia 40 hivi. Gramu 2 hazikufanya kitu. Watu wakatumaini. Mwaka 2018 likaja jaribio lenye kidonge cha kulinganishia, wagonjwa 44 wa ugonjwa wa kurithi wa vinyama vya utumbo, gramu 3 kwa siku kwa mwaka mzima. Idadi na ukubwa wa vinyama havikutofautiana na wale waliomeza kidonge kitupu. Na mama anaumwa titi.

Sasa tufike kwenye makopo yenyewe, kwa sababu hapa ndipo penye wasiwasi wangu mkubwa. Pilipili manga haikuwekwa kwa ladha. Kemikali yake, piperini, hupandisha kurkumini kwenye damu: utafiti wa India wa mwaka 1998 ulionyesha miligramu 20 za piperini zikiipandisha mara 20. Inafanyaje? Inadhoofisha vimeng'enya vya kutoa vitu mwilini, kikiwemo kiitwacho CYP3A4, pamoja na pampu zinazorudisha kemikali kwenye utumbo. Vimeng'enya hivyo havichagui. Paclitaxel huvunjwa na ini kwa kutumia CYP2C8 na CYP3A4. Ukimpa mama kitu kinachogusa njia hiyo, unagusa kipimo ambacho daktari amekikokotoa, bila yeye kujua. Dawa ikikaa zaidi ya ilivyopangwa, ganzi ya vidole na kushuka kwa chembe nyeupe vinaweza kuzidi.

Kwa tamoxifen, kidonge cha kuzuia homoni kisikuze uvimbe, tuna namba za binadamu. Utafiti wa Uholanzi wa mwaka 2019 uliwapa wanawake wanaotumia tamoxifen kurkumini miligramu 1,200 mara tatu kwa siku. Endoxifen, ile sehemu ya tamoxifen inayofanya kazi, ilishuka kwa asilimia 7.7. Walipoongezewa piperini ilishuka kwa asilimia 12.4. Kwa mwanamke ambaye kiwango chake tayari kiko chini, hiyo inaweza kumtoa kwenye kinga anayoihitaji kwa miaka mitano au kumi.

Na kwa kuwa kaka anapenda ushahidi wa sahani, huu hapa mwingine. Mwaka 2002 watafiti wa North Carolina, Marekani, waliweka kurkumini pamoja na dawa za kemo kwenye seli zile zile za MCF-7, na kurkumini ikazuia dawa hizo zisiue. Mojawapo ilikuwa doxorubicin, "dawa nyekundu" ya mama. Kisha wakawapa panya chakula chenye kurkumini, na cyclophosphamide, mwenzake wa dawa nyekundu kwenye dripu, ikashindwa kupunguza uvimbe kama kawaida. Sahani moja inasema kurkumini inaua, nyingine inasema inakinga. Ukichagua inayokupendeza, umebahatisha. Kuna pia ufuatiliaji wa wanawake waliokuwa kwenye mpango huu huu wa doxorubicin, cyclophosphamide na paclitaxel, uliochapishwa mwaka 2020: waliotumia vidonge vya antioksidanti kabla na wakati wa kemo walielekea kurudiwa zaidi na ugonjwa. Idadi yao ilikuwa ndogo mno kutoa hukumu, ila mwelekeo haukuwa ule unaotangazwa kwenye makopo.

Kopo la chai ya kijani lina hatari ya aina nyingine, ini. Kikombe cha chai ya kijani kina EGCG miligramu 50 hadi 100. Kapsuli zilizokolezwa zinaweza kubeba mara kadhaa ya hapo, zinamezwa kwa mkupuo, mara nyingi tumbo likiwa tupu. Mamlaka ya usalama wa chakula ya Ulaya ilitamka mwaka 2018 kwamba kuanzia miligramu 800 za EGCG kwa siku kutoka kwenye vidonge, vimeng'enya vya ini huanza kupanda kwenye damu. Manjano nayo hayajasalimika: mwaka 2022 mtandao wa Marekani unaofuatilia madhara ya dawa kwenye ini ulieleza wagonjwa 10 walioumia kwa vidonge vya manjano, na mmoja alifariki. Kwa mama hili lina uzito wa pekee. Paclitaxel hutolewa na ini. Bilirubini, taka ya njano ambayo ini huiondoa kwenye damu, ikipanda, daktari atalazimika kupunguza dawa au kuahirisha dripu, na hatajua kama kilicholiumiza ini ni kemo, ugonjwa au kopo lililofichwa kabatini.

Mama anataka kuacha dripu, na namwelewa, dawa nyekundu huchosha mno. Mpe habari hii: wanawake wengi huona paclitaxel ya kila wiki inawatapisha na kuwalaza kidogo kuliko ile waliyomaliza. Kero yake kubwa huwa ganzi ya vidole, aiseme mapema ili kipimo kirekebishwe. Uchovu wenyewe una sababu zinazotibika: damu kupungua, kutokula, kukosa usingizi, dawa za kichefuchefu zisizotosha. Kuacha ni jambo jingine. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Yale, Marekani, walilinganisha wagonjwa waliochagua tiba mbadala peke yake na waliotibiwa hospitalini, saratani ikiwa bado haijasambaa. Kwa saratani ya titi, waliochagua mbadala walikuwa na hatari ya kufa zaidi ya mara 5. Sijui namna ya kuisema hiyo kwa upole zaidi.

Jikoni ni huru kwa kiasi kikubwa. Manjano ya pilau na mchuzi, tangawizi, vitunguu, mboga za majani, zabibu, choya, vyote ale. Mlonge kama mboga sawa. Mlonge wa kapsuli au unga wa vijiko kwa vijiko, hapana, angalau hadi kemo iishe. Soya huwatia watu hofu kwa sababu genisteini hufanana na homoni ya kike, na kwenye sahani inaonyesha sura mbili: kiwango kidogo cha mikromola 1 hukuza MCF-7, kiwango kikubwa huzizuia. Lakini ufuatiliaji wa wanawake 5,042 wa Shanghai, uliochapishwa mwaka 2009, haukuona madhara kwa waliokula soya kama chakula baada ya kutibiwa. Uji wenye soya anywe, vidonge vya soya aviache.

Chai, nyeusi au ya kijani, vikombe viwili vitatu kwa siku vinatosha, na asinywe pamoja na chakula. Polifenoli zake hukamata madini ya chuma yatokanayo na mimea na kupunguza ufyonzwaji wake kwa zaidi ya nusu, wakati mgonjwa wa kemo tayari anapungukiwa damu. Aipishe kama saa moja kabla au baada ya mlo, na mbali zaidi kama anameza vidonge vya madini ya chuma. Manjano, nunueni mizizi mikavu mtwange wenyewe. Huko Bangladesh unga uliwahi kukutwa ukitiwa rangi yenye madini ya risasi ili ung'ae.

Wiki hii fanyeni hivi. Msisubiri siku ya dripu. Pigeni simu au fikeni kliniki siku mbili tatu kabla, mkiwa na makopo yote mawili, lebo zikisomeka. Semeni kwa namba: amemeza kapsuli ngapi, mara ngapi kwa siku, kwa siku ngapi, ya mwisho lini. Ombeni kipimo cha ini pamoja na picha kamili ya damu, ambayo bila shaka wangeipima tu. Siku tano ni chache, na kwa wengi ini huwa salama, lakini uamuzi wa kuendelea na dripu kwa tarehe ile ile ni wa daktari wake akiwa na majibu mkononi. Mwuguzi akikunja uso, mvumilie. Atafurahi kujua leo kuliko kujua baadaye.

Msisubiri miadi kabisa mkiona macho yamekuwa ya njano, mkojo umekuwa kahawia kama chai nzito, ngozi inamwasha mwili mzima, au ana maumivu chini ya mbavu za kulia na kutapika. Mkojo mwekundu wa siku moja mbili baada ya dawa nyekundu ulikuwa rangi ya dawa, na kwa kuwa ameimaliza, sasa haupaswi kurudi. Joto likifika nyuzi 38 wakati wowote wa kemo, mchana au usiku, ni hospitali moja kwa moja bila kumpa paracetamol kwanza, kwa sababu dawa ya homa itaficha maambukizi. Kama nyumbani hamna kipimajoto, hicho ndicho kaka angetuma.